Mshale Nyuma ya Picha ya Mjerumani

Mwaka 1972, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, ng'ombe wa baba walikufa kwa ukame, na baba mwenyewe akawafuata kabla mvua hazijarudi. Nikatolewa shule darasa la tatu. Mjomba alisema msichana akijua kuandika jina lake inatosha, na langu nilikuwa nalijua, kwa hiyo hapakuwa na cha kubishania. Jina lenyewe ni Kabula. Lakini leo ukifika Nyasubi, Kahama, ukamuulizia Kabula, watu watakutazama tu. Ulizia Mama Vioo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaokuja kwenye kibanda changu kuomba mfundishwe kazi, mkakaa wiki moja, mkajikata kidole, mkapotea. Siwalaumu kwa kujikata. Nawalaumu kwa kupotea. Kidole kinapona.

La kwanza, kioo hakikatwi. Kioo kinachanwa ngozi, halafu kinavunjwa. Unachovya almasi, kalamu yetu ya kukatia, kwenye mafuta ya taa, unaegemeza kwenye rula, unapita mara moja, mkono haujiulizi njiani. Sauti iwe ya mfululizo, kama panya anayetafuna mhindi mkavu. Ikikatika katikati, na kioo kitakatika vibaya. Kurudia mstari ndiyo dhambi kubwa. Watu wanaona mstari hafifu wanasema ngoja nikazie, wakishakazia kioo kinakwenda kinakotaka chenyewe. Nimezaliwa mkoa wa almasi na sijawahi kushika ya kwenye pete. Hii ya kukatia vioo ndiyo iliyonilisha, na nasikia siku hizi si almasi hata kidogo, ni chuma. Haidhuru. Ugali wake ulikuwa ugali.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Salumu, Mmanyema aliyetoka Ujiji. Alikuwa fundi hodari na mwenye maneno machafu kuliko wafungwa. Kosa lake moja alinisimulia mwenyewe, tena siku ya kwanza, ili nisidhani nafundishwa na malaika. Alimfungia mjane picha ya marehemu mumewe, akaibana picha kwenye kioo sawasawa ili isikunjamane. Ikaja masika. Unyevu ukaingia, picha ikanata kwenye kioo. Mjane alipotaka kubadilisha fremu, uso wa mume ukabaki kwenye kioo na karatasi ikabaki na suti. Mzee Salumu alisema mama yule hakulia wala hakutukana, alikibeba kile kioo kifuani akaondoka. Tangu siku hiyo alikuwa anaweka vijiti vyembamba vya mbao pembeni, kati ya picha na kioo.

"Picha na kioo ni mtu na mama mkwe wake," aliniambia. "Wakae nyumba moja, lakini wasigusane."

Mimi ni Msukuma, mambo ya kumkwepa mkwe sikuhitaji kufafanuliwa.

Jambo jingine alilonifundisha ni stakabadhi. Wateja wetu wengi walikuwa hawasomi, na mimi nilikuwa jirani yao sana katika hilo. Basi mtu akiacha picha, tulichukua kipande cha kioo kilichobaki, tukakivunja mbele yake vipande viwili, tukazipiga kingo msasa pale penye ukali isipokuwa pale palipovunjika. Kimoja anaondoka nacho, kingine kinafungwa kwenye picha yake. Siku ya kuchukua tunaviunganisha. Duniani hakuna vioo viwili vinavyovunjika sawa. Ukija bila kipande, hata uwe diwani, picha hutoki nayo.

Lakini kabla ya vioo nilikuwa vumbini, na bila vumbi hilo hadithi ninayotaka kuwaeleza isingekuwepo. Nikiwa binti mkubwa nilikwenda machimboni, mbele ya Katoro, nikatwanga mawe mpaka viganja vikawa kama kwato. Baadaye mnunuzi mmoja wa dhahabu akaniweka nifagie banda lake. Msicheke. Kufagia banda la dhahabu ni kazi ya mtu anayeaminiwa, maana taka zake hazimwagwi, zinaoshwa. Sheria ya banda lile ilikuwa moja: mizani ikishawekwa mezani hakuna kuongea, hakuna kupepea, na kila mtu anaziba mdomo kwa nguo. Siku moja jamaa mmoja alipiga chafya. Chafya ya kawaida, ya mafua. Mnunuzi akasimama. Alimpa ufagio mdogo, akamwonyesha sakafu yote na kuta, akaketi kumngoja. Yule jamaa alifagia mpaka mafua yakaisha.

Nikatoka pale na elimu yangu: vumbi usilipulize kabla hujalijua.

Sasa ndiyo nifike kwa Mama Luhende.

Alikuja miaka michache iliyopita, kwa basi kutoka upande wa Tinde, mama wa makamo ya juu, mkubwa kwangu. Alikuwa amebeba kitu kipana kimefungwa kitenge, amekilaza kwenye mikono yake miwili kama sinia lenye chai iliyojaa. Hakukisimamisha hata alipopita mlangoni. Aliingia kwa ubavu.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayefunga picha?"

"Ndiye."

"Unafuta?"

"Nafuta nini?"

"Kabla ya kufunga. Unaifuta picha kwa kitambaa?"

Nikamwambia inategemea. Akasema Shinyanga mjini fundi alifungua tu kitenge, akasema picha hii chafu mama, akachukua kitambaa kibichi. "Nilimshika mkono," akasema. "Mkono wa mtu nisiyemjua. Nikafunga vitu vyangu nikapanda basi." Halafu akaiweka mezani na kufungua.

Kioo kilikuwa kimevunjika, vipande vimelala juu ya karatasi. Chini yake palikuwa na rangi. Hapakuwa na mtu, wala nyumba, wala ng'ombe, wala Yesu. Rangi tupu: bluu iliyopinda kama mgongo wa paka, machungwa, waridi, kijani cha mpunga mchanga, duara la njano upande wa chini, na mistari myeusi ikizitenga zisipigane. Hazikuwa za mafuta wala za maji. Zilikuwa unga. Chaki laini, wenyewe wanaziita pasteli, imepakwa na kusuguliwa kwa kidole mpaka ikashika karatasi, lakini inashika kama vumbi linavyoshika mguu. Na ndani ya fremu, ukingo wa chini, palikuwa na mstari mwembamba wa vumbi la njano lililodondoka.

Nilipouona mstari ule mkono wangu ulikwenda mdomoni wenyewe, ukaziba. Miaka yote ile tangu banda la dhahabu, na mkono haukuwa umesahau.

Mama Luhende akanitazama. Nadhani ni hapo alipoamua kuniachia.

"Ni picha ya nini?" nikamuuliza kupitia vidole.

"Sista hakusema ya nini."

Akanieleza. Alikuwa mpishi wa Sista Walburga, muuguzi Mjerumani, kwenye misheni moja ya upande wao, tangu yeye mwenyewe ni msichana mpaka wote wawili wakazeeka. Shangazi yake Sista alipokuwa kijana kule kwao alifundishwa uchoraji na mzee mmoja. Mzee huyo alikuwa miongoni mwa wachoraji wa zamani wa Ujerumani walioanza kuchoka kuchora sura za watu na milima, wakaziacha rangi zijisemee. Alimpa shangazi picha hii, shangazi akampa Sista, na Sista aliporudishwa kwao kufa akamwachia Mama Luhende.

"Kila asubuhi nikimpelekea chai alikuwa ananiuliza, leo ipi imeamka kwanza? Basi naitazama, namwambia. Mwanzo nilikuwa nabahatisha ili anywe chai upesi nikaoshe vyombo. Baadaye nikawa naona kweli."

"Na ilianguka vipi?"

"Ukuta ulitikisika."

"Tetemeko?"

"Ukuta tu."

Fundi hahoji zaidi ya hapo. Watu wanaleta picha zilizopigwa ngumi, zilizorushwa, zilizokatwa kichwa cha mke wa kwanza. Wewe unapima kioo.

Kisha akanionyesha kwa kidole bila kugusa. Kwenye lile duara la njano palikuwa na baka jeupe, pana kama ukucha wa dole gumba, rangi imedondoka pale kioo kilipopiga. "Hapa irudishe," akasema.

"Siwezi."

"Chaki za njano zipo madukani. Nimeziona."

"Zipo. Mkono wake ndio haupo. Nikitia changu hapo, kesho hutajua wapi anaishia yeye na wapi naanzia mimi, na mimi nimechora nini maishani, mama? Nachora mistari ya kukatia vioo."

Hakupenda. Akazungusha pete yake. Mwisho akasema, "Basi ifunge ilivyo. Nitakuja Jumamosi." Nikavunja kipande cha kioo, nikampa nusu yake. Akafika mlangoni, akageuka.

"Usimpe mtu. Hata mwanangu."

"Hata mwanao?"

"Hasa mwanangu."

Vipande vya kioo kwenye picha ya unga haviburuzwi. Kila kimoja kinanyanyuliwa wima, juu, kama unavyotoa kifuniko kwenye sufuria ya maziwa yanayotaka kufurika. Fremu ya zamani ilikuwa nzuri, ikahitaji vijiti tu, kwa sababu aliyeifunga mwanzo aliiweka karibu mno. Na kioo kiwe kioo. Siku hizi wanaleta vioo vya plastiki, vyepesi, havivunjiki, wateja wanavipenda. Chukua kitana cha plastiki kisugue nywele kisha kisogeze kwenye vipande vya karatasi, uone. Plastiki ile ile ukiiweka juu ya picha ya unga itainyonya unga kidogo kidogo, mpaka picha ihamie kwenye kioo. Ni yale ya mteja mjane wa Mzee Salumu, mara ya pili.

Basi picha ikakaa kwangu wiki hiyo, imelala mezani kwenye chumba cha nyuma chini ya sanduku la mbao, na nikitaka kufanya kazi nalifunua. Sitawadanganya kwamba nilielewa kitu. Lakini chumba kile kina dirisha la mashariki. Asubuhi jua likiingia, machungwa ndiyo iliyotangulia, ikawa kama imesogea mbele ya zingine. Mchana waridi. Jioni zote zimelala isipokuwa bluu. Nikaona kweli. Nikakasirika kidogo, maana mimi si mtu wa mambo hayo.

Walioiona walisema lao. Mwalimu mmoja aliyekuja na cheti chake alisema hiyo ni bendera, hakumbuki ya nchi gani. Dada muuza vitenge alisema ni vitambaa vilivyobaki kwa mafundi cherehani. Mimi niliona vioo, vimekatwa na mtu asiyerudia mstari. Nafikiri kila mtu aliona kazi yake. Na bado hajafika wa machimboni.

Alifika Alhamisi, kwa pikipiki kutoka Katoro, na mwenzake nyuma. Mwanaume wa makamo, mabega ya kushuka shimoni, macho ya mama yake. Mwenzake alikuwa mrefu mwembamba, wenzao machimboni wanamwita Profesa kwa sababu anayatazama mawe kwa kuyalamba.

"Shikamoo, Mama Vioo."

"Marahaba."

"Mimi ni Luhende. Mama ameniagiza nichukue ile picha."

"Kipande kiko wapi?"

"Kipande gani?"

"Kama angekuagiza ungejua kipande gani."

Akatazamana na Profesa. Nikajua hawakuagizwa, na kwamba watakaa hapa muda mrefu, na kwa kweli sikuogopa. Watu hawapigani kwenye duka la vioo. Hilo hata walevi wa Nyasubi wanalijua.

Luhende akaketi kwenye kreti, akatoa simu. Alikuwa ameipiga ile picha kwa simu zamani, ikiwa ukutani, na juu yake mtu ametia namba na alama nyekundu. "Mama, wewe ni mtu mzima, nikufiche nini," akasema. "Hii ni ramani."

"Ya wapi?"

"Mjerumani haweki kitu ukutani bure," Profesa akaingilia. "Hawa walikuwepo huku kabla ya Mwingereza. Walipokimbia vita walificha mali. Tazama. Njano ni mkanda wa dhahabu. Hii mistari myeusi ni njia. Bluu ni mto, umepinda vile vile kama ule wa kwao Luhende."

Mnacheka, lakini mmezaliwa huku na mnajua ni watu wangapi wazima wamechimba chini ya mbuyu, chini ya boma, chini ya jiwe lenye msalaba, wakitafuta mali ya Mjerumani. Nilimwambia picha ilichorwa kwao Ulaya na mtu ambaye labda hata ramani ya Afrika hakuwa nayo. Luhende akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwona bibi amezeeka.

"Nyuma kuna mshale, mama. Karatasi ya mgongoni ilichanika, tukauona. Mshale wa kalamu ya risasi na neno la Kijerumani."

"Mkafanya nini na mshale?"

"Tukaufuata."

"Ukawapeleka wapi?"

Hapo akatazama sakafu. Profesa naye akaona kitu cha kutazama darini.

"Jikoni," Luhende akasema.

"Jikoni kwa nani?"

"Kwa mama."

"Umechimba shimo jikoni kwa mama yako?"

"Dogo tu."

"Dogo kiasi gani?"

"Kimo cha mtu na mkono umenyooshwa," Profesa akasema, na mtu akijibu hivyo ujue amelipima kwa kuingia.

Ndipo nikajua ukuta ulitikiswa na nini. Nikamuuliza mama anapikia wapi. Nje, akasema, ameegesha bati. Na mvua ikinyesha? Akaizima simu. Nikamuuliza sasa picha anaitakia nini. Akasema Katoro kuna mtaalamu ambaye picha za namna hiyo anazitoa kwenye fremu, anaziloweka kwenye beseni la dawa, na maandishi yaliyofichwa yanatokea. Wiki moja tu, kisha angemrudishia mama.

Kuloweka. Chaki.

Ningeweza kuwafukuza. Wangeondoka, na Jumamosi mama angeichukua picha, na Jumapili mwanawe angeitoa ukutani mama akiwa kanisani. Kioo changu kingezuia nini? Basi nikasimama nikafunga mlango wa mbele, nikawatupia kila mmoja kipande cha kanga.

"Zibeni midomo. Tunaingia kwenye mizani."

Wachimbaji wanayaelewa maneno hayo. Waliziba bila kuuliza. Nikawapeleka chumba cha nyuma, nikaifunua. Sikuigeuza, maana ya unga haigeuzwi kifudifudi. Niliisimamisha taratibu, nikawazungusha wao wapite nyuma yake. Mshale ulikuwepo, mzuri, umenyooka, na neno fupi pembeni.

"Neno silijui," nikasema. "Mshale naujua. Luhende, pita dukani, toa ile picha ya harusi ukutani, tazama mgongoni."

Akaenda. Nikamsikia akiigeuza. Kisha akasema, "Kuna mshale."

"Toa ile ya marehemu mwenye kofia."

"Una mshale."

"Cheti cha mwalimu."

Profesa ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kucheka ndani ya kanga, mabega yakatikisika. Luhende alisimama mlangoni na marehemu mkononi.

"Mishale yote nimeichora mimi," nikamwambia. "Inaonyesha juu. Fundi akiwa anapigilia misumari nyuma haoni mbele, asipoweka alama atamning'iniza marehemu kichwa chini. Kila fundi wa fremu anaichora. Yule wa Ulaya naye aliichora. Au na bwana harusi yule amefichiwa dhahabu darini?"

Hakucheka.

"Mliposoma mshale, picha mliilazaje?"

"Mezani."

"Mngeilaza upande wa pili mngechimba chooni."

Profesa akatoka nje akachekee huko. Luhende alibaki. Mtu akishachimba kimo chake na mkono, hatoki shimoni kwa mshale mmoja, na mimi nimeishi nao, namjua mchimbaji. Akasema polepole, "Na njano?"

Nikachukua lile vumbi la njano. Nilikuwa nimelikusanya kwa unyoya wa kuku juu ya karatasi, nimelitia kwenye kichupa cha sindano chenye kizibo cha mpira, aina ile ile waliyokuwa wanatilia dhahabu kule bandani. Sikulikusanya kwa sababu. Vumbi la mtu halimwagwi, ndivyo nilivyolelewa. Nikamdondoshea kidogo sana kwenye kijiko.

"Mimi ni fundi vioo," nikasema. "Mchimbaji ni wewe. Amua."

Alilisugua kwa ncha ya kidole. Akatia tone la maji, akakizungusha kijiko kama anavyozungusha karai, kwa ule mkono wao, mzuri, mwepesi, unaofanya maji yatembee. Dhahabu inakaa chini, mnajua. Hii ilipanda. Iliyatia maji rangi, ikazunguka nayo, kijiko kizima kikawa cha njano. Alizungusha tena. Alikitazama kijiko kile kwa muda mrefu kuliko kinavyostahili kijiko.

"Haikai chini," akasema.

"Haikai."

"Kwa hiyo kule kwenye beseni..."

"Mama yako angerudishiwa karatasi nyeupe. Na beseni la maji ya rangi."

Akakiweka kijiko mezani. Akaisogelea picha, kanga bado mdomoni, akainama pale penye lile baka jeupe. Nilidhani bado anatafuta mkanda. Akasema, "Sista alikuwa ananichoma sindano chini ya hii. Nilikuwa mtoto wa homa homa. Alikuwa ananiambia chagua rangi moja, itazame, usitazame sindano." Akaonyesha njano kwa kidole. "Nilikuwa nachagua hii."

Nikaleta kioo kipya. Nilimpa upande wake wa kioo ashike. Kioo kipya kinashushwa na watu wawili, wima, bila pumzi, mpaka kilale kwenye vijiti. Mikono yake haikutetemeka. Angekuwa fundi mzuri, nilimwambia hivyo, akasema amechelewa.

Jumamosi Mama Luhende akaja. Akatoa nusu yake ya kioo kutoka kwenye pindo la kanga, nikatoa yangu, vikakutana. Akaitazama picha kwanza kabla ya kuniamkia.

"Mwanao alikuja," nikasema.

"Najua. Tangu jana yuko nyumbani. Amekuja na toroli."

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Anafukia." Akaweka mkono juu ya kioo kipya, kiganja kizima, sasa aliweza. "Nimempikia."

Nikampa kile kichupa, nikamwambia hii ndiyo njano yako iliyodondoka, siwezi kuirudisha ilipokuwa lakini sijaipoteza. Akakinyanyua kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza, akaliangalia vumbi linavyoteremka. Kisha akanirudishia.

"Likae kwako," akasema. "Nyumbani kwangu kuna mchimbaji."

Tukacheka wote wawili. Akanishukuru, wabeja sana, mayu, akaibeba picha yake akiwa ameisimamisha ubavuni, kama mtu yeyote anayebeba picha, akaenda kupanda basi.

Huwa nikiwaeleza vijana hadithi hii wananiuliza, kwa hiyo ile picha ilikuwa ya nini? Sijui. Nimekaa nayo wiki nzima na sijui, na wala sioni aibu. Naujua uzito wake, najua inavyoshika karatasi, najua kwamba asubuhi ya kwangu machungwa ndiyo iliyoamka kwanza. Kuna vitu kazi yako si kuvichimba. Kazi yako ni kuweka vijiti pembeni visiguswe.

Mwaka jana mikono ilianza kutetemeka. Mkono unaotetemeka hauruhusiwi kwenye kioo, basi nikaacha, sikungoja kuambiwa. Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vinne, bati, Nyasubi. Kibanda cha vioo, anakifanyia kazi binti wa marehemu dada yangu. Meza ya mninga aliyoniachia Mzee Salumu. Almasi mbili, moja imekufa. Ng'ombe sita, wako kwa mdogo wangu. Sanduku la nusu za vioo vya watu ambao hawajarudi kuchukua picha zao. Kichupa kimoja cha vumbi la njano, ambacho si changu, ila kinakaa kwangu.